Amri ya hatua kwa hatua au lengo tu: ipi inafaa kazini?

Jeshini kuna namna mbili za kuamuru: kueleza kila hatua, au kutaja lengo na sababu, kisha aliye chini ajipangie njia. Hii ya pili ilikomaa katika jeshi la Prussia, dola ya Kijerumani ya zamani, baada ya kupigwa na Napoleon huko Jena mwaka 1806, na Helmuth von Moltke, aliyekuja kuwa mkuu wa jeshi hilo, akaiendeleza.

Kwa kasi, lengo linashinda waziwazi. Mteja akibadili mawazo jioni na bosi hapatikani, anayejua kwa nini mzigo unatakiwa Jumatatu ataamua mwenyewe. Aliyepewa hatua tupu atabaki akipiga simu isiyopokelewa.

Kwa usalama, mambo yanageuka. Kukunja parachuti au kupima dawa si mahali pa ubunifu. Fuata orodha, basi.

Gharama? Hatua humchosha msimamizi kila siku. Lengo hula muda mwanzoni: watu wafunzwe, waaminiwe, na bosi avumilie makosa (jambo ambalo wengi hulisifu mikutanini tu).

Timu yako ikiwa ngeni, anza na hatua. Wakiwa wazoefu, taja lengo, muda na mipaka, kisha kaa pembeni.