Sauti isiyoendana na midomo: uisogeze au ubadili urefu wake?

Filamu ikichomwa kwenye DVD halafu midomo ikatangulia maneno, tiba ni mbili, na wengi hukimbilia ile isiyofaa.

Kusogeza sauti ni kazi ya dakika chache. Unaiagiza programu iicheleweshe au iiwahishe kwa milisekunde kadhaa, tuseme 300, bila kugusa picha. Inafaa pale tu pengo linapokuwa lilelile tangu mwanzo hadi mwisho.

Kubadili urefu wa sauti ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo penye kazi. Pengo likianza dogo na kukua kadiri filamu inavyosonga, kusogeza hakusaidii: utatengeneza mwanzo uharibu mwisho. Mara nyingi chanzo ni kasi ya picha. Filamu ya fremu (picha moja moja) 23.976 kwa sekunde ikiharakishwa hadi 25 za mfumo wa televisheni wa PAL, dakika 100 hupungua kuwa karibu 96, ilhali sauti bado ni ya dakika 100. Lazima nayo ifupishwe kwa kiwango hichohicho, kisha itolewe upya kwa kilohezi 48, yaani sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde, kipimo cha kawaida cha sauti ya DVD. Inachukua muda, na usipokuwa makini sauti za waigizaji hupanda na kuwa nyembamba.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua, tazama dakika za kwanza, kisha ruka hadi za mwisho. Mimi jaribio langu huliweka kwanza kwenye DVD-RW, inayofutika.