W3Schools na Notepad: nilivyojitengenezea ukurasa wa kazi zangu za cherehani

Mimi ni fundi wa nguo za kike, Kenyatta Market. Nilichoka kumtumia kila mteja rundo la picha kwa WhatsApp. Nilitaka kiungo kimoja tu, akibonyeza anaona kazi zote. Chuo kimoja cha mjini kiliniambia karo ambayo ningeongeza kidogo tu nikapata mashine ya overlock. Nikaamua kujifunza HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, kwa tovuti ya masomo ya W3Schools, bure.

Kinachonifurahisha zaidi ni kile kisanduku cha kujaribia. Unaandika upande mmoja, unabonyeza Run, matokeo yanatokea upande wa pili, na husakinishi chochote. Masomo ni mafupi: vichwa, aya, viungo, picha, jedwali. Mengi niliyasoma kwa simu matatu ikiwa imekwama Mbagathi Way. Kiingereza chake ni chepesi, ila jina lisikudanganye: hawa si W3C, shirika la viwango vya wavuti.

Lakini kusoma tu hakutoshi. Fungua Notepad, ile programu ya kuandikia iliyo kwenye Windows, andika, hifadhi kwa jina index.html (chagua “All files”, la sivyo linageuka index.html.txt), kisha lifungue kwa kivinjari. Ukurasa ulio kwenye kompyuta yako haumalizi bando hata kidogo, kwa hiyo unaweza kufanya mazoezi usiku kucha bila intaneti. Tagi, yaani alama kama <p> na </p> zinazozunguka maandishi, zinaingiana kama sufuria: iliyofunguliwa mwisho ndiyo inayofungwa kwanza. Ukikosea, kivinjari hakisemi kitu, kinakisia tu ulichotaka. Ndiyo maana napenda kikaguzi cha W3C, validator.w3.org. Kinakuonyesha mpaka mstari wenye kasoro, nacho ni bure.

Sasa picha, na hapa ndipo ningetaka mafundi wenzangu watulie. Ukiandika width="300" kwenye tagi ya picha, picha inaonekana ndogo, lakini faili lote linapakuliwa vilevile. Picha iliyotoka kwenye simu ikiwa na megabaiti nne, mteja analipia megabaiti nne. Weka gauni kumi hivyo uone kama atasubiri! Punguza ukubwa wa faili lenyewe kabla ya kuliweka. Na kwenye alt, sehemu ya maelezo ndani ya tagi hiyo, andika kinachoonekana, “gauni la kitenge la mikono mifupi”, si “picha1”. Maneno hayo ndiyo yanayobaki picha ikikataa kufunguka, na ndiyo anayosomewa asiyeona.

Mistari mingine miwili usiiruke. Ule wa meta viewport, unaoiambia simu iutoshee ukurasa kwenye upana wake: usipouweka, simu inauchukulia ukurasa kama wa kompyuta na kuuminya mpaka maandishi yanakuwa ya sisimizi, na wateja wangu karibu wote wanatumia simu. Pia lang="sw", ili kivinjari na programu za kusoma kwa sauti zijue kwamba ni Kiswahili.

Kuuweka hewani nilitumia GitHub Pages, huduma ya kuweka kurasa kwenye intaneti. Hulipi, anwani inaishia na github.io, na nafasi ni hadi GB 1, ambayo mimi sijui nitaijaza na nini. Angalia herufi tu: Gauni.JPG na gauni.jpg kwenye Windows ni faili moja, kule ni mbili tofauti, na picha haitatokea.

Kama unataka mteja alipe kwa M-Pesa palepale kwenye ukurasa, HTML peke yake haiwezi. Hapo unahitaji programu inayofanya kazi kwenye seva. Mimi nimeweka kiungo cha wa.me chenye namba yangu inayoanza na 254, bila alama ya kujumlisha wala ile sifuri ya mwanzo. Anabonyeza, WhatsApp inafunguka, tunapatana bei na siku ya kuja kupimwa. Rangi na mpangilio bado ni vya kawaida kabisa. Hiyo ni kazi ya CSS, na masomo yake yapo hapohapo W3Schools, ndiyo nayaanza.