Programu Huria za Kufuatilia Mfumo na Kanzidata: Uanze na Ipi?

Programu zote hizi ni za bure. Pesa yako inakwenda kwenye seva ya kuziendeshea. Tuchukue mfumo wa mauzo wa muuza dagaa wa jumla Mwaloni Kirumba, Mwanza, mwenye tawi Nansio, kisiwani Ukerewe, kanzidata yake (programu inayotunza data za mauzo) ikiwa PostgreSQL.

1. Prometheus na Grafana. Prometheus hukusanya na kuhifadhi vipimo, Grafana huvionyesha kwa michoro na kutuma arifa. Weka postgres_exporter, programu ndogo inayotoa vipimo vya PostgreSQL (poti 9187), kwenye seva ya kanzidata, Prometheus ivisome kila sekunde 15. Vipimo 5,000 kwa mwendo huo havifiki MB 60 kwa siku, hivyo RAM ya GB 2 na diski ya GB 20 zinatosha. Ongeza muda wa kuhifadhi: usipougusa, data hufutwa baada ya siku 15, na hesabu za mwisho wa mwezi hutazilinganisha na za mwezi uliopita.

Arifa ya kwanza iwe ya idadi ya miunganisho ya programu ya mauzo na kanzidata. PostgreSQL huja na kikomo cha 100. Kirumba wakishika 60 na Nansio 60, wauzaji watakutana na "sorry, too many clients already" foleni ikiwa mlangoni. Arifa ilie ikifika 80. Wengi hapo hukimbilia kununua RAM, kumbe programu inafungua miunganisho bila kuifunga.

Dawa ni PgBouncer (poti 6432), inayokaa katikati na kugawana miunganisho michache kwa wateja wengi, ila usiiache kwenye pool_mode (namna ya kugawana) ya session inayokuja nayo: kila mteja hushikilia muunganisho wake mpaka aondoke, na hakuna kinachopungua. Weka transaction, ambapo muunganisho hurudishwa kila muamala ukiisha, baada ya kuhakikisha programu yako haitegemei LISTEN (amri ya PostgreSQL ya kusubiri taarifa).

2. Uptime Kuma. Kwa fundi aliye peke yake. Hukagua kama mfumo unaitika kila sekunde 60 na kutuma ujumbe Telegram. Itakwambia mfumo umezima, si kwa nini.

3. Zabbix. Hufuatilia seva na vifaa vya mtandao pamoja, hivyo ni nzuri penye ruta na swichi nyingi. Kwa duka moja ni mzigo.

Yoyote utakayochagua, isikae chumba kimoja na mfumo. Umeme ukikatika vyote vinazima na arifa haitoki. Kodi seva ndogo mtandaoni, na ofisi iifikie kwa WireGuard (njia ya siri, yaani VPN), PersistentKeepalive ikiwa 25 (ofisi itume ishara kila sekunde 25 njia isifungwe), kwa sababu ruta nyingi za ofisi hazina anwani ya umma. Poti 5432 (ya PostgreSQL) na 9187 zisifunguliwe kwa intaneti hata siku moja. Kisha, ukitumia Prometheus, Grafana iarifu "up" (kipimo kinachoonyesha kama inafika kwenye seva) ikiwa 0 kwa dakika 2 mfululizo. Ukiweka chini ya hapo, kila mtandao wa Nansio ukiyumba kidogo simu italia usiku.