Google Earth Pro kwa mwanafunzi wa jiografia: tathmini ya mwalimu wa Mwanza

Kwa mihula miwili sasa nimeitumia Google Earth Pro, programu ya kompyuta inayoonyesha dunia kwa picha za setilaiti, kufundishia jiografia ya maumbile ya nchi, kidato cha tatu na cha nne, hapa Mwanza. Nimeamua kuiandikia tathmini kwa sababu wazazi huniuliza mara kwa mara kama inafaa kuwekwa kwenye kompyuta ya nyumbani. Inafaa, na haina malipo tangu mwaka 2015, lakini faida yake humfikia mwanafunzi anayechora kwa mkono kabla ya kuifungua. Anayeanza kwa kutazama hujiona ameelewa, kisha siku ya mtihani akipewa karatasi ya ramani yenye kontua tupu, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, hajui aanzie wapi.

Utaratibu wangu ni huu. Wanafunzi hupewa ramani ya kipimo cha 1:50,000, wakachora mkato wa nchi, yaani mchoro wa ubavuni unaoonyesha ardhi inavyopanda na kushuka, kutoka nukta moja hadi nyingine, na penseli zikishawekwa chini ndipo tunapochora mstari uleule kwenye programu na kuiamuru ionyeshe mwinuko wake. Tulipofika Ngorongoro, binti mmoja alikuwa amechora mlima uliochongoka kileleni, kwa kuwa alikariri kwamba mahali pale palikuwa na volkano na akaacha kuzifuata kontua zilizokuwa mbele ya macho yake. Mstari wa kompyuta ulipanda hadi ukingoni, ukashuka ghafla takriban mita 600, ukanyooka kwa kilomita nyingi juu ya sakafu iliyo tambarare, kisha ukapanda tena upande wa pili. Aliutazama kwa muda, akachukua kifutio bila kuambiwa na mtu, akachora upya, na pembeni akaandika neno kaldera, yaani shimo pana linalobaki volkano inapoporomoka. Kosa lile alilisahihisha mwenyewe, na sijaona tena akilirudia.

Sehemu nyingine ninayoithamini ni ile ya kukuza kimo cha nchi. Wanafunzi wengi hujua kanuni ya kukokotoa ukuzaji wa wima, kwamba kipimo cha wima kikiwa 1:10,000 na cha mlalo 1:50,000 basi kimo kimekuzwa mara 5, lakini ukiwauliza maana yake hunyamaza. Programu hii inaruhusu kimo kukuzwa hadi mara 3. Ukiitazama Kibo ya Kilimanjaro yenye mita 5,895 katika kimo chake halisi, kisha ukaikuza, mlima mpana wenye mabega yaliyolala hugeuka kuwa kitu kilichochongoka kama mkuki, na darasa zima huelewa kwa nini mkato uliochorwa daftarini haufanani na mlima wanaouona kwa macho.

Upungufu wake mkubwa uko hapa hapa kwetu. Takwimu za miinuko kwa maeneo mengi ya dunia zilitokana na vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Endeavour mwezi Februari 2000, na nukta zake zimeachana kwa takriban mita 30, hivyo kitu chembamba kuliko hapo hupotea. Nilipoinamisha picha ili niwaonyeshe Jiwe la Bismarck, mwamba uliosimama ziwani hapa Mwanza, lililala juu ya maji kama mkeka uliotandikwa. Mawe yaliyobebana juu ya vilima vya mji huu, ambayo ndiyo somo bora la jiografia tulilo nalo, hayaonekani kama mawe hata kidogo. Kwa hilo hakuna njia isipokuwa kutembea. Niliwapeleka ufukweni, wakaingiza vidole kwenye mipasuko ya graniti hiyo yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, nikawaeleza jinsi maji yalivyopenya katika mipasuko na kuuozesha mwamba ungali chini ya ardhi, kisha udongo ukachukuliwa na mvua na kuacha viini vigumu vikiwa vimepangana.

Ziwa Viktoria nalo linahitaji tahadhari. Mstari uliochorwa kutoka Mwanza hadi Ukerewe hutoa kimo kimoja tu cha takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, yaani uso wa maji, na haugusi kabisa kina chake, ambacho panapozidi sana hufika kama mita 80. Mwalimu asipolisema, mwanafunzi hatalijua. Hata hivyo kitufe cha picha za zamani ni hazina kwa watu wa ufukweni, kwa kuwa unaweza kulinganisha mwambao kabla na baada ya 2020, mwaka ambao ziwa lilijaa hadi kumeza fukwe na makazi ya watu.

Kuhusu bando, picha ulizokwisha kuzifungua huhifadhiwa kwenye kompyuta kwa kiasi cha hadi gigabaiti 2. Jumapili usiku huwa nazipitia sehemu zote za somo nikiwa nyumbani kwenye mtandao, nikizisogelea hadi umbali nitakaoutumia, na Jumatatu nafundisha darasani bila intaneti. Sehemu niliyoisahau hutokea ikiwa na ukungu. Kwenye kishikwambi nimeijaribu programu ndogo ya kampuni hiyohiyo, lakini kidole hufunika bonde lilelile unalotaka kulionyesha, kwa hiyo wanafunzi wasio na kompyuta nyumbani nimewapangia zamu ya watatu watatu kwenye yangu baada ya vipindi, kila mmoja akija na mkato wake aliokwisha kuuchora.