Orodha ya KEV kwa timu ya watu watatu: tathmini baada ya miezi 18, Malindi

Kwa muda wa miezi 18 sasa, timu yetu ya watu watatu, inayohudumia kompyuta za hoteli nne, mbili za Malindi mjini na mbili za Watamu, imekuwa ikiamua ni sasisho lipi la usalama litangulie na lipi lisubiri kwa kufuata orodha ya bure inayotolewa na CISA, shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia usalama wa mitandao na miundombinu. Orodha hiyo hufahamika kwa kifupi cha KEV, na kilichomo ndani yake ni mianya ya programu ambayo imethibitika kwamba wavamizi wameshaitumia. Ninaitathmini kama ambavyo ningetathmini ruta au printa iliyonunuliwa kwa pesa za hoteli, kwani ingawa haiuzwi, imetugharimu saa nyingi za kazi, na anayefikiria kuitumia anastahili kujua atapata nini na atakosa nini.

Hapo awali tulifuata alama za CVSS, ambazo huupa kila mwanya daraja kuanzia 0 hadi 10 kulingana na ukubwa wa madhara yake, na ambazo kuanzia 9.0 kwenda juu huhesabiwa kuwa za hatari kabisa. Kwa maandishi utaratibu huo ni safi: anza na kumi, teremka. Kwa vitendo ulituchosha bila kutulinda. Mwezi mmoja tulikesha usiku nne tukisasisha seva ya mafaili iliyofungiwa ndani ya ofisi ya uhasibu, isiyofikika kutoka nje, kwa sababu tu mwanya wake ulikuwa na alama 9.8, wakati huohuo ruta kuukuu iliyokuwa ikiwapa intaneti wageni wa upande wa bwawani, ambayo ilielekea nje moja kwa moja, ilikuwa na mwanya wa alama ya saba na kitu, tukauweka kwenye foleni ya mwezi unaofuata. Kabla ya mwezi huo kufika, wageni walianza kulalamika kwamba kila wakifungua ukurasa wanapelekwa kwenye matangazo wasiyoyaomba, na tulipoingia ndani ya ruta tukakuta mipangilio imebadilishwa na mkono usio wetu. Kosa lilikuwa letu, kwa maana kiraka, yaani sasisho la kuziba mwanya huo, kilikuwapo. Alama ilitueleza jinsi mwanya ungeweza kudhuru, lakini haikutueleza iwapo kulikuwa na mtu anayeutumia wakati huo.

Hilo la pili ndilo KEV hulijibu. Orodha ilianzishwa Novemba 2021, na ili mwanya uingizwe humo ni lazima utimize masharti matatu: uwe na namba ya CVE, yaani namba ya utambulisho wanayopewa mianya inayotangazwa, kuwepo ushahidi wa kuaminika kwamba umeshatumiwa katika uvamizi, na kuwepo hatua iliyo wazi ya kuchukua, ambayo kwa kawaida ni kuweka kiraka cha mtengenezaji. Ukali wa masharti hayo ndio thamani yake. Katika mwaka wa 2024 pekee zilitangazwa namba za CVE zaidi ya 40,000, idadi ambayo hakuna timu, ya Malindi wala ya London, inayoweza kuisoma, seuze kuifanyia kazi. Katika mwaka huohuo mianya iliyoongezwa katika KEV haikufika 200. Orodha nzima tangu ianze imepita 1,300. Mtu mmoja aliyetulia anaweza kuzisoma nyongeza za juma zima kabla chai haijapoa.

Kila mwanya una mstari wake wenye jina la mtengenezaji, jina la bidhaa, tarehe uliyoongezwa, hatua inayotakiwa na tarehe ya mwisho ya kuitekeleza. Tangu Oktoba 2023 imeongezwa safu inayoonyesha iwapo mwanya umetumiwa na makundi yanayofunga mafaili ya watu kisha kudai kikombozi, na kwa biashara ya hoteli, ambayo kompyuta zake zimejaa nakala za pasipoti za wageni, hiyo ndiyo safu ninayoitazama kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayehifadhi data kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kugundua uvujaji unaoweza kuwadhuru wenye data, na nisingependa kuitumia hata moja kati ya saa hizo. Orodha hupakuliwa ikiwa faili jepesi linalofunguka katika Excel, na ukijiandikisha utaletewa nyongeza kwa barua pepe.

Faida kubwa tuliyoipata haikuwa katika Windows, ambayo kwa kiasi fulani hujisasisha yenyewe, bali katika vile vitu vidogo ambavyo hakuna anayevikumbuka. Mfano mzuri ni WinRAR, programu ya kubana na kufungua mafaili yaliyobanwa. Mwanya uliozibwa katika toleo la 6.23, Agosti 2023, ulikuwa umetumiwa na wahalifu tangu Aprili ya mwaka huo, na programu hiyo haina utaratibu wa kujisasisha yenyewe. Aliyeiweka mwaka wa 2017 anabaki na ya 2017 hadi mtu aje aiondoe kwa mkono. Tulipopita kompyuta moja baada ya nyingine tulikuta matoleo ya zamani kwenye mashine 31 kati ya 90 na kitu, nyingi zikiwa za watu wanaopokea mafaili kutoka kwa mawakala wa utalii kila siku. Mfano mwingine ni ruta za MikroTik, ambazo sisi tunazitumia kama mafundi wengine wengi. Mwanya wake mashuhuri wa 2018 ulitolewa kiraka Aprili mwaka huo, na bado miezi kadhaa baadaye ruta zaidi ya laki moja ulimwenguni zilikutwa zimetekwa na kutumiwa kuchimba sarafu za kidijitali kwa gharama ya wenyewe. Mwanya huo umo katika KEV mpaka leo.

Utaratibu wetu sasa ni huu. Microsoft hutoa masasisho yake Jumanne ya pili ya kila mwezi, ambayo kwa saa zetu huwa ni saa mbili au saa tatu usiku kutegemea majira ya Marekani. Jumatano asubuhi mmoja wetu huyalinganisha na KEV. Yaliyomo katika orodha na yanayogusa kifaa kinachoonekana kutoka nje huwekwa ndani ya siku mbili. Yaliyomo katika orodha lakini yanagusa kifaa cha ndani hupewa juma moja. Yaliyosalia husubiri hadi mwisho wa mwezi, tukitumia alama za EPSS, zinazotolewa kila siku na jumuiya ya FIRST na kukadiria uwezekano wa mwanya kutumiwa ndani ya siku 30 zijazo, kuchagua yapi yatangulie. Kompyuta za ofisi moja tumeziruhusu kugawiana sasisho zenyewe kwa zenyewe, maana kupakua mamia ya megabaiti mara 90 kwa laini ambayo mgeni naye anataka kuitazamia mpira ni kujitafutia ugomvi. Masasisho makubwa ya mfumo mzima tumeyahamishia Mei na Juni, wakati wa masika, hoteli nyingi zinapofunga au kubaki na wageni wa kuhesabika. Katika kaskazi, kati ya Disemba na Machi, hatugusi ila kilichomo katika orodha.

Ugumu uliobaki ni wa watu. Mhasibu wetu mkuu, mama wa makamo anayefunga hesabu za mojawapo ya hoteli hizo tangu enzi za vitabu vya karatasi, alinipokea siku ya kwanza kwa kunikazia macho: “Mwanangu, mashine hii ikizimika kabla sijafunga hesabu za jana, utakuja kuzifunga wewe.” Nikamwambia, “Shikamoo, Mama, niambie wewe saa utakayoiacha, nami nitakuja saa hiyo.” Tukakubaliana saa kumi na moja jioni siku ya Alhamisi, na hadi leo miadi haijavunjwa na upande wowote, isipokuwa siku ambazo stima ilituvunjia sote wawili. Nimejifunza kwamba orodha yenye ushahidi husaidia hata hapa, kwa sababu kumwambia mtu kwamba mwanya huu unatumiwa kuibia watu hivi sasa ni tofauti na kumwambia kwamba una alama 8.1.

Haraka nayo ina hatari zake, na KEV haikuonyi juu ya hilo. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye kasoro la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, liliziangusha kompyuta za Windows zinazokadiriwa kufika milioni 8.5, likasimamisha safari za ndege na kazi za hospitali, na halikuwa la mvamizi bali la mlinzi mwenyewe. Kwa hiyo hata kwa jambo la dharura tunaanza na mashine tatu: yangu, ya mtunza stoo na moja ya mapokezi katika hoteli ndogo zaidi, na tunasubiri zimalize siku nzima ya kazi, nakala za akiba zikiwa zimeshakaguliwa. Upande wa pili wa mizani ni WannaCry, programu ya wavamizi iliyofunga mafaili ya watu na kudai kikombozi. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka tarehe 14 Machi 2017, na shambulio likaja tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, likazikuta hospitali za Uingereza hazijakiweka. Siku moja ya kusubiri naikubali. Miezi miwili, la.

Sasa kasoro. Ya kwanza imo katika maumbile ya orodha yenyewe: mwanya hauingii humo mpaka mtu fulani, mahali fulani, awe ameshaumizwa nao. Anayetegemea KEV peke yake amekubali kwamba wa kwanza kuumia hatakuwa yeye, na hakuna aliyempa ahadi hiyo. Ya pili ni kwamba iliandikwa kwa ajili ya ofisi za serikali ya Marekani, ambazo ndizo zinazolazimika kuifuata, na tarehe zake za mwisho, ambazo kwa kawaida ni majuma mawili au matatu, zimepimwa kwa nguvu za ofisi hizo. Kwa ruta iliyo wazi kwenye intaneti mimi nayaona majuma matatu kuwa mengi mno. Ya tatu ndiyo iliyonikera zaidi: programu ya kuhifadhi nafasi za wageni tunayoitumia, iliyoandikwa na watu wachache na kuuzwa kwa hoteli za pwani, haimo na huenda isiwemo kamwe, si kwa sababu ni salama bali kwa sababu hakuna anayeichunguza. Ukimya wa orodha si cheti. Kwa bidhaa za namna hiyo tunabaki kumpigia simu muuzaji, na kufuatilia tahadhari za KE-CIRT/CC, kituo cha kitaifa kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, ambazo angalau huandikwa na watu wanaoijua nchi.

Tena kuna suala la kuegemea mali ya mwenzio. Aprili 2025 mkataba wa kugharimia mpango wa CVE, ambao namba zake ndizo uti wa mgongo wa KEV, ulikaribia kwisha, ukaongezwa dakika za mwisho. Tangu hapo tunaweka nakala yetu ya orodha kila Ijumaa.

Kwa jumla ya hayo ninaipa nyota nne kati ya tano, kwa sharti moja: uwe na daftari la vitu vyako kabla ya kuifungua. Sisi ilituchukua majuma sita kuorodhesha kila kompyuta, ruta, printa na rekoda ya kamera, pamoja na toleo la programu iliyomo, na tulikuta vifaa vinne ambavyo hakuna aliyejua ni vya nani. Bila daftari hilo, KEV ni habari za nyumba za watu wengine.

Kwa sasa kazi iliyo mezani ni kompyuta tano za mapokezi Watamu. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za mashine hizo ni za zamani kupita kiasi kinachokubaliwa na Windows 11. Tumezilipia masasisho ya ziada ya mwaka mmoja, tukazitenga kwenye mtandao wao peke yao, na nimepeleka maombi ya mashine mpya kwa meneja nikiwa nimebandika mistari ya KEV inayohusu Windows. Aliisoma safu ya hatua inayotakiwa, pale inaposema uweke kiraka au, kama hakuna, uache kuitumia bidhaa hiyo, akaniuliza bei. Zinatarajiwa Juni, hoteli ikishafungwa.