Kijitabu cha walimu tarajali cha mbinu za kufundisha English: nunua, ila kurasa za mwanzo ruka

Nimekipata stationery moja karibu na chuo cha ualimu, buku tano, kimebanwa pini mbili na kava la manila ya kijani. Ndani ni makala za wanachuo waliotoka BTP (mazoezi ya kufundisha mashuleni), kila mmoja na mbinu moja aliyofundishia English, wakufunzi wao ndo wamehariri. Mimi nafundisha sekondari ya kata, fomu wan na fomu tuu, kwa hiyo nilikuwa natafuta kitu cha kuingia nacho darasani kesho asubuhi, sio cha kufanyia asaimenti.

Kurasa za mwanzo achana nazo. Mbinu ni nini, mbinu shirikishi ni nini, faida zake, changamoto zake, notsi zile zile tulizonakili wote chuoni na tukazijaza kwenye mtihani. Kuna mmoja kaandika kurasa mbili nzima kuhusu think-pair-share (mtoto anafikiri peke yake, anajadiliana na jirani, kisha wanaliambia darasa), katuambia imetoka kwa Frank Lyman mwaka 1981, sawa, lakini unamaliza kusoma hujui aliwauliza watoto swali gani. Na mbinu yenyewe iko kwenye swali! Ukiwauliza noun ni nini hapo hakuna cha kujadiliana na jirani, anayejua anajua na asiyejua anasubiri kengele.

Pesa yangu imerudi kwenye makala ya running dictation. Hii mbinu wengi tunaijua, unabandika kipande cha habari ukutani, mwanafunzi mmoja anakimbia kusoma sentensi, anarudi kumtajia mwenzake aandike. Sasa ifanye kwenye darasa la watoto themanini wanaokaa watatu watatu dawati moja uone. Huyu dada (au kaka, majina wameweka herufi tu) anaeleza alivyofanya: kaandika nakala nne kwa marker pen, kabandika mbili nje ya madirisha na mbili ukuta wa nyuma, kila dawati kapewa upande wake, mkimbiaji ni mmoja tu na anabadilishwa kila sentensi, na anayepiga kelele dawati lake linasimama mpaka wenzao wamalize sentensi moja. Alafu anakiri kabisa kwamba kipindi cha kwanza kilivurugika, mwalimu wa darasa la jirani akaja mlangoni, ndo akaja na hilo wazo la kusimamisha dawati. Hicho ndo kitu ninachokitaka, maana vitabu vya mbinu vinakuonyesha darasa la watoto ishirini na mazulia.

Nyingine ya r na l. Sisi wa huku kanda ya ziwa tunajua hiyo habari, rice na lice zinaingiliana, na walimu wengi dawa yetu ni kumwambia mtoto "rudia" mpaka darasa zima linacheka na yeye hanyooshi tena mkono mwaka mzima. Mwandishi kaanza na kusikiliza kwanza: anatamka, wanaosikia rice wanainua daftari, wanaosikia lice wanaliacha mezani, hakuna anayefungua mdomo. Siku ya pili ndo wanatamkiana wawili wawili na msikilizaji anachora alichosikia, punje au chawa. Nimeijaribu na fomu wan, vichekesho vilikuwepo ila waliichekea michoro, hawakumcheka mtu.

Ya TPR (Total Physical Response) ya James Asher nayo ipo, ile ya kuamrisha watoto simama, nenda dirishani, fungua daftari. Kwa wanaotoka shule za msingi walikosomeshwa masomo kwa Kiswahili inafaa sana wiki za mwanzo za fomu wan, ila mwandishi kaikatia kwenye amri tu, hajasema unatokaje hapo kwenda kwenye sentensi za mtoto mwenyewe, na hapo ndo huwa tunakwama.

Lawama zangu nazipeleka kwa wahariri. Inaonekana kabisa mwanachuo alikuwa na stori yake ya darasani, akaambiwa aweke kwanza utangulizi na nukuu, stori ikabaki aya moja. Wangeangalia jarida la English Teaching Forum linalotolewa bure mtandaoni na wizara ya mambo ya nje ya Marekani, lina safu ya Teaching Techniques, mwalimu anaeleza alichofanya na darasa lake hatua kwa hatua, na wanaandika walimu wa nchi mbalimbali. Hawa vijana wa running dictation na r na l wakipunguza fasili wanaweza kutuma huko, sioni kwa nini wasitume.

Vielelezo hamna hata kimoja, andalio la somo lililojazwa lipo moja tu nalo limefotokopiwa mpaka halisomeki. Kama unakitaka waambie wakufungulie kabla hujalipa, nakala yangu ukurasa wa 14 hadi 17 umejirudia mara mbili na makala ya information gap (kila mtoto ana taarifa ambazo mwenzake hana, inabidi waulizane) imekatikia njiani.