Tathmini: Huduma ya Kugawa Tiketi za Ugenini katika Ligi Kuu ya Uingereza

Kati ya huduma zote ambazo klabu za soka za Uingereza huwapa mashabiki wao, ni chache zinazozua manung'uniko kama ugawaji wa tiketi za ugenini, na chanzo chake ni hesabu nyepesi. Kanuni za Ligi Kuu zinaitaka klabu mwenyeji iwatengee mashabiki wa timu ngeni tiketi 3,000, au asilimia 10 ya viti vyake ikiwa uwanja ni mdogo na asilimia hiyo haifiki 3,000. Chukua klabu yenye mashabiki 30,000 wanaomiliki tiketi za msimu, yaani za mechi za nyumbani za msimu mzima. Ina mechi 19 za ugenini, na hata ikipata mgao kamili katika kila uwanja itakuwa na tiketi 57,000 tu, kwa hiyo zikigawanywa kwa zamu bila upendeleo wowote, kila mmoja wao ataona mechi zisizofika mbili kwa msimu mzima. Na mgao haufiki kiasi hicho kila mahali: kule Bournemouth, ambako uwanja unachukua watu elfu kumi na moja na ushei, asilimia 10 ni zaidi kidogo ya tiketi 1,100.

Bei nayo haipunguzi foleni, na ni vizuri kwamba haipunguzi. Tangu msimu wa 2016/17, baada ya kampeni ya miaka kadhaa iliyoendeshwa na mashabiki wenyewe, klabu za Ligi Kuu zimekubaliana kwamba tiketi ya ugenini isizidi pauni 30, wakati shabiki wa nyumbani katika uwanja huohuo anaweza kulipa zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, nayo imeweka ukomo wake, ambao kwa Ligi ya Mabingwa msimu wa 2024/25 ulikuwa euro 60. Hatua hizo ninaziunga mkono bila kusita. Hata hivyo, pale ambapo fedha haiwachuji wanunuzi, klabu inalazimika kutafuta chujio jingine, na hapo ndipo ubora wa huduma unapoanza kutofautiana kati ya klabu na klabu. Tathmini hii inahusu machujio yanayotumika zaidi, yaani pointi, foleni ya mtandaoni na droo ya bahati nasibu, kwa jinsi ninavyoyafahamu nikiwa na tiketi ya msimu ya klabu ambayo sitaitaja jina.

Mfumo wa pointi umeenea sana, na kwa mtazamo wa haraka ndio unaoonekana wa haki kuliko mingine. Kila tiketi ya ugenini unayonunua inakuongezea pointi katika akaunti yako. Tiketi za mechi inayofuata zinapotangazwa, dirisha hufunguliwa kwanza kwa walio juu kabisa, baada ya siku moja au mbili kiwango hushushwa, kisha hushushwa tena, mpaka tiketi ziishe. Baadhi ya klabu hazihesabu pointi, bali huangalia idadi ya mechi ulizohudhuria msimu uliopita, jambo ambalo kimsingi ni lilelile. Uzuri wa mfumo huu ni kwamba hauna siri: unajua pointi zako, unajua kiwango kilichotangazwa, na huhitaji kujuana na karani yeyote wa ofisi ya tiketi. Shabiki aliyesafiri zaidi ya kilomita 500 kutoka Newcastle hadi Bournemouth katikati ya wiki, akaloa mvua na kuishuhudia timu yake ikifungwa, anakumbukwa zinapokuja tiketi za mechi ya watani wa jadi. Sijakutana na shabiki mwenye busara anayeipinga kanuni hiyo.

Kasoro inaanzia pale ambapo tiketi zinazaa pointi na pointi zinazaa tiketi. Mwenye nacho huongezewa. Kijana aliyepata tiketi ya msimu kwa mara ya kwanza anaanza na sifuri, na kwa kuwa dirisha halimfikii kabla tiketi hazijaisha, anamaliza msimu na sifuri yake ileile, huku waliomtangulia wakizidi kumwacha. Ni ngazi iliyokatwa vidato vya chini, ambapo waliokwisha kupanda hawasumbuliwi na mtu, na anayetaka kuanza hana pa kuweka mguu. Katika klabu yangu matokeo yake yanaonekana kwa macho: ukisimama kwenye jukwaa la wageni unakuta sura zilezile katika kila mji, mvi zikiongezeka kila msimu, na vijana wachache waliopo wengi wao wameingia kwa tiketi ya baba au ya mjomba. Klabu inayohesabu pointi za misimu miwili au mitatu ya karibuni tu inapunguza sana tatizo hili, na naipa alama za juu kwa hilo. Pointi zinapohesabiwa tangu enzi na enzi, mtu aliyesafiri sana zamani anaendelea kula jasho la zamani hata kama siku hizi anachagua mechi tatu kubwa na kuziacha nyingine zote.

Foleni ya mtandaoni, ambamo anayewahi ndiye anayepata, haistahili maneno mengi. Inampendelea mwenye intaneti ya kasi, simu mbili mezani na kazi inayomruhusu kukodolea kioo macho saa nne asubuhi siku ya kazi, ilhali dereva wa basi au muuguzi aliye zamu hana nafasi yoyote. Inafaa kumalizia tiketi zilizosalia baada ya wenye haki ya kwanza kuhudumiwa, basi.

Droo ina heshima zaidi. Unaomba ndani ya siku zilizotangazwa, fedha haikatwi mpaka jina lako litoke, na hakuna anayenufaika kwa kuwahi wala kwa kujuana. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba kila droo inaanza upya kana kwamba zilizopita hazikuwahi kufanyika, hivi kwamba aliyekosa mfululizo tangu msimu uanze ana nafasi sawa na aliyepata wiki iliyopita, na kwa bahati tupu mmoja anaweza kumaliza msimu akiwa ameona mechi tele na jirani yake asione hata moja. Dawa yake ni rahisi kwa mtu yeyote anayejua kupanga programu ya kompyuta: kila anayekosa aongezewe uzito katika droo inayofuata, na anayepata arudishwe mwanzo. Droo pia inawatenganisha watu wanaosafiri pamoja, isipokuwa klabu ikiruhusu maombi ya kikundi, na ikiruhusu lazima ieleze bayana kama kikundi cha watu wanne kinahesabiwa kuwa ombi moja au manne, kwa sababu tofauti hiyo inabadilisha nafasi ya kila mtu aliyeomba peke yake.

Kinachonikera zaidi katika droo ni usiri. Ujumbe wa klabu yangu huwa wa mstari mmoja, kwamba ombi lako halikufanikiwa. Haisemwi watu wangapi waliomba, wala tiketi ngapi zilikuwa ndani ya droo, wala ngapi kati ya mgao ziliondolewa mapema kwa ajili ya wachezaji, wafanyakazi na wadhamini. Sipingi mchezaji kumpatia mzazi wake kiti. Lakini fungu hilo linapofichwa, kila shabiki anajitungia idadi yake, na idadi za kutunga huwa kubwa kuliko za kweli. Takwimu tatu kwa kila mechi zingetosha kuzima nusu ya malalamiko yanayowaelemea makarani wa tiketi.

Kwa maoni yangu, huduma inayokaribia haki ni ile inayowapa wasafiri wa kudumu sehemu kubwa ya mgao kwa kufuata mahudhurio yao ya karibuni, kisha ikatenga sehemu isiyobadilika kwa droo ya wasiofikia kiwango. Asilimia 10 ya tiketi 3,000 ni tiketi 300, na kwa mechi 19 zenye mgao kamili hizo ni nafasi 5,700 kwa msimu, ambazo leo hazipo kabisa kwa anayeanza. Wapinzani husema kwamba mpango huo unawaadhibu waaminifu. Ukiufuatilia kwa makini, walio kileleni hawapotezi kitu. Wanaoguswa ni wale waliokuwa wakifikiwa na kiwango cha mwisho kwa taabu, na hao nao wanaruhusiwa kuingia katika droo hiyohiyo.

Mashindano mengine yanatoa mlango ambao klabu nyingi zinautumia vibaya. Katika Kombe la FA timu ngeni inaweza kudai hadi asilimia 15 ya viti, hivyo uwanja wa watu 60,000 unatoa tiketi 9,000, wakati uwanja huohuo kwa kanuni ya asilimia 5 ya mashindano ya UEFA unatoa 3,000. Mechi ya kombe yenye tiketi 9,000 ndiyo nafasi ya asiye na pointi kuanza safari yake, na klabu inayokataa kuihesabu mechi hiyo katika rekodi ya ligi inaufunga mlango huo kwa mkono wake yenyewe.

Hata hivyo, fomula yoyote ile, iwe ya pointi au ya droo, inaweza kuharibikia langoni. Wapo watu wanaonunua kila tiketi ili kulinda rekodi, kisha wanampa rafiki aende, na rekodi inabaki kwao. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1994 kuhusu jinai na utulivu wa umma, kifungu cha 166, inakataza kuuza tiketi ya soka bila idhini, na haijali kama umeuza kwa faida au kwa bei ileile uliyonunulia, lakini polisi hawawezi kumfuata kila mjomba. Tiketi ya kwenye simu ilitarajiwa kuwa dawa. Mara nyingi simu yenyewe ndiyo inayoazimwa, au neno la siri la akaunti.

Njia niliyoiona ikifanya kazi ni ya kizamani. Kwa mechi moja klabu yangu iliwachagua baadhi ya wanunuzi, bila kuwaonya mapema, wakachukulie tiketi zao uwanjani kwenyewe. Kando ya geti la wageni kulikuwa na meza ya kukunja, makarani wawili, na sanduku la bahasha zilizopangwa kwa herufi za majina ya ukoo, na kila aliyefika alitakiwa kuonyesha kitambulisho chenye picha. Foleni ilikwenda polepole, watu wakalalamika kwamba wataukosa mwanzo wa mchezo, na malalamiko yao yalikuwa na msingi, kwa kuwa makarani wawili hawatoshi. Mpira ulipoanza, rundo la bahasha lilikuwa bado limo sandukuni. Hizo zilikuwa tiketi za watu waliokuwa na pointi kunishinda, na hawakuwa na nia ya kusafiri.

Ukaguzi wa namna hii ukiwa wa mara kwa mara na usiotabirika, na makarani wakiwa wa kutosha, unafanya kazi kubwa kuliko mabadiliko yoyote ya hesabu za pointi. Ninachopendekeza ni kwamba pointi ziandikwe pale mtu anapopita langoni, wala si anapolipa. Sambamba na hilo, klabu iwe na njia halali na ya kibinadamu ya kurudisha tiketi, kwa sababu watu huugua, hufiwa na huitwa kazini. Anayerudisha mapema arudishiwe fedha yake yote na asipoteze nafasi yake, na tiketi yake iende kwa anayefuata kwenye orodha, ambaye ndiye atakayepata pointi.

Urahisi wa kurudisha tiketi una umuhimu wa pekee katika ligi inayopangwa na televisheni. Mechi ya Jumamosi alasiri inaweza kuhamishiwa Jumatatu usiku, filimbi ya mwisho ikapulizwa wakati treni ya mwisho imeshaondoka au inaondoka. Klabu inayokataa kupokea tiketi katika hali hiyo, kisha ikamhesabia shabiki kosa kwa kutofika, inastahili alama ya chini kabisa bila kujali ubora wa sehemu nyingine za huduma yake.

Mashabiki wenye ulemavu wanahitaji utaratibu wao wenyewe. Nafasi za viti vya magurudumu katika jukwaa la wageni ni chache mno, na kiwango cha pointi kilichopangwa kwa umati wa maelfu hakina maana kwa kundi linalogombea nafasi chache. Hapa zamu ya kweli inawezekana, kwa kuwa waombaji wanafahamika, na tiketi ya msaidizi lazima iambatane na ya shabiki badala ya kuombwa kando.

Kwa anayeanza leo, katika klabu ya aina ya kwangu, ushauri wangu ni kuomba kwanza mechi za kombe na mechi za katikati ya wiki katika viwanja vinavyotoa mgao kamili, kutumia jina lake mwenyewe katika kila ununuzi hata kama kuna ndugu aliye tayari kumwazima akaunti, na kusoma kabla ya kulipia uanachama kama pointi za klabu hiyo zina mwisho wa kuhesabiwa. Kama hazina mwisho na hakuna droo ya wasiofikia kiwango, uanachama huo utamfaa kwa mechi za nyumbani tu.